TAHADHARI: Jamaa anayeuza vibanda vya kuvizia swala, pamoja na "kibali" cha kuwinda

Ndugu zangu mnaopiga picha za wanyama huku Kisumu, Nandi, Kakamega na Nakuru, someni hili kabla hamjamtumia pesa mtu anayetangaza "kibanda cha kuvizia swala, kamili na kibali". Pesa zangu zimeenda, hizo nitazimeza. Kinachoninyima usingizi ni ile karatasi anayouza pamoja na kibanda. Kijana akiiamini atajikuta kizimbani.

Sisi ni wanne, na karibu kila mwezi tunapanda matatu kwenda kinamasi cha King'wal, Nandi, kumtazama nzohe. Kwa wasiomjua, huyu ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, ndiyo maana anatembea juu ya mafunjo yaliyolala bila kudidimia, na akishtuka huzama akabakiza pua juu. Wengi wenu mmemwona Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1974 kwa ajili yake, ambako kuna madungu ya mbao ya kutazamia. King'wal si hifadhi ya taifa. Nzohe wa pale wanaishi ubavuni mwa mashamba ya watu, na mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na kinamasi alituruhusu tuweke kibanda kwenye ukingo wake. Kibanda chenyewe ndicho tulichokosa.

Tangazo la huyu jamaa lilinifikia kwenye simu. Kibanda cha kukunja, miguu ya chuma, kitambaa cha kuzuia mvua, neti nene, watu wawili wanakaa. Shilingi 17,000. Alisema duka lake liko Nakuru, ghorofa ya pili ya jengo moja katikati ya mji. Picha zilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo ningepaswa kusimama. Nyuma ya kibanda kulikuwa na misonobari na majani makavu mekundu, na mbele yake amesimama mnyama mwenye pembe zilizotoa matawi kama mti. Swala wetu hawana pembe za namna hiyo. Nzohe pembe zake zimejisokota, za swala pala zimepinda, wala hazitoi tawi hata moja. Mnyama yule ni wa Marekani, ambako watu hukata leseni ya jimbo lao na kuwinda kwa msimu wakiwa ndani ya vibanda kama hivyo. Barani Afrika mwenye pembe za matawi wa asili ni mmoja tu, naye yuko Algeria na Tunisia. Kwa hiyo picha zilikuwa za kuokota mtandaoni. Niliziona, nikajua, nikajiambia labda bidhaa ni ya kuagiza kutoka nje.

Nikatuma arbuni 8,000. Siku mbili baadaye akataka 1,200 za "bima ya mzigo". Kisha akasema hatanipa namba ya risiti ya parseli mpaka nimalize 9,000 zilizobaki. Nikamaliza. Kila malipo yaliingia kwa jina tofauti la mtu binafsi, hakukuwa na till (namba ya malipo ya biashara) hata mara moja.

Mzigo ulifika Kisumu kwa matatu ya parseli, umeshonwa ndani ya gunia. Hakuna miguu ya chuma. Kulikuwa na mianzi sita iliyokatwa mibichi, imejaa vitundu vya dumuzi. Ukiigonga chini unamwagika unga wa manjano. Neti ilikuwa ile ya kivuli ya miche inayouzwa agroveti, nyepesi kiasi kwamba ukikaa ndani mtu aliye nje anakuona hadi vifungo vya shati. Na kulikuwa na mita nne za kitambaa cha madoadoa ya jeshi.

Hicho kitambaa mkiangalie kwa macho mawili. Kenya raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na watu wamewahi kukamatwa kwa koti au kofia tu. Sasa jifikirie umejificha kichakani alfajiri, umejifunika madoadoa ya jeshi, polisi wanapita. Utaanzia wapi kujieleza? Na kwa kuvizia swala hakikusaidii kitu. Macho ya wanyama wa kwato hayatofautishi nyekundu na kijani kama yetu. Kinachowakimbiza ni kitu kinachotikisika, na harufu yako ikiwafikia. Gunia kuukuu lililokaa kimya ni bora kuliko kitambaa hicho kinachopepea.

Nilipompigia kulalamika hakukasirika. Aliniita bosi, akaniambia niongeze 6,000 anipatie kibali cha kuwinda swala wawili, ili "kibanda kijilipe chenyewe kwa nyama". Akanitumia picha ya kibali: nembo ya taifa, muhuri, sahihi, na juu kimeandikwa kimetoka "Wizara ya Wanyamapori na Uwindaji".

Wenzangu, hakuna wizara ya uwindaji Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 bado inaukataza, iwe ni wa kujifurahisha au wa kutafuta kitoweo. Hakuna ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) wala ya kaunti itakayokupa karatasi ya kwenda kuua swala. Ukikutwa na nyama yake, hiyo karatasi haitakuokoa. Itaonyesha tu kwamba ulipanga. Na adhabu za sheria hiyo si za kuchezea.

Naandika kwa uchungu kwa sababu kijana mmoja tunayeenda naye, wa miaka 19, alikuwa ameanza kuchanga hizo 6,000. Aliona muhuri akaamini. Ni mtoto mwema, anataka kusaidia nyumbani. Nilikaa naye jioni nzima nikimweleza. Wangapi hawana wa kukaa nao? Na nzohe wa King'wal hawana uzio wala mlinzi wa usiku. Wakiingia vijana watano wenye vibali vya uongo, sijui mwaka ujao tutaenda kutazama nini.

Nina shemeji Nakuru, nikamwomba apite kwenye hilo jengo. Ghorofa ya pili alimkuta mama fundi cherehani anayeshona sare za shule. Mama huyo alimwambia watu huja kumgombeza kila mara kwa mizigo asiyoijua. Kwa hiyo tafadhali, mkienda, msimfokee. Yeye pia ameumizwa.

Kibanda tulikijenga wenyewe, kwa shilingi zisizozidi 2,500. Hata wazee waliojenga dungu la kulinda mtama hawakununua dungu dukani. Nguzo nne za mkaratusi, fito, kamba ya katani, magunia tuliyoyaloweka kwenye matope ya palepale yakapoteza weupe, na kwa nje mafunjo makavu. Upana mita moja na nusu, kimo unakaa kwenye kigoda na kichwa hakigusi. Ndani pawe na giza: funika nyuma na juu, vaa nguo nyeusi, maana mwanga ukiingia mgongoni kwako kivuli chako kinaonekana kwenye tundu. Tundu lenyewe liwe jembamba, usawa wa macho ukiwa umekaa. Funga kila kitu, kisipepee hata kipande cha uzi. Kiweke mahali upepo unatoka kwa wanyama kuja kwako. Halafu kiache wiki mbili au tatu bila kuingia, wakizoee. Sisi tulimwarifu chifu na watu wa KWS kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Ndani ya hifadhi ya taifa usijenge chochote bila ruhusa yao.

Kwa aliyelipa leo: peleka SMS ya M-Pesa kwenye namba 456 ya Safaricom mara moja, pesa zinaweza kurejeshwa kama mpokeaji hajazitoa. Mimi nilichelewa siku sita, nikakuta akaunti ni tupu. Ujumbe wake wa utapeli upeleke 333. Kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio), na usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu. Namba zake sitazibandika hapa kwa sababu laini zimesajiliwa kwa majina ambayo huenda si yake. Nimezikabidhi polisi pamoja na ile picha ya kibali. Akikutumia kibali kama hicho, usikisambaze kwenye makundi hata kwa nia ya kuonya, kuna atakayekichapisha akitumie. Kipeleke KWS.

Mianzi yake bado ninayo stoo, hapa Kisumu. Anayetaka kuiona kabla hajanunua yake anitafute, nitamfungulia mlango.