Winchi ya kujinasua: ipi ununue, ipi uiache

Ukienda kutafuta winchi ya gari la njia mbaya, kitu cha kwanza kuoneshwa ni namba kubwa kwenye boksi: pauni 8,000, 9,500, 12,000. Namba hiyo haidanganyi, ila ni ya hali moja tu. Ni nguvu ya kuvuta pale ambapo kwenye ngoma, ile silinda inayozungushiwa waya, limebaki tabaka moja la waya, yaani waya karibu wote uko nje. Kila tabaka linaloongezeka linapunguza nguvu, na likifika la nne, winchi nyingi hubaki na theluthi mbili hivi. Mti wa kufungia ukiwa mita chache tu mbele ya bampa, ile winchi ya pauni 9,500, yaani kilo 4,300, inakuvuta kwa kilo 2,900 au karibu na hapo. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba wameuziwa winchi feki.

Kwa hiyo anza na uzito wa gari, na si ule wa gari tupu. Hesabu mafuta tangi likiwa limejaa, abiria, maji, hema la juu, tairi la akiba, bampa ya chuma na winchi yenyewe. Zidisha kwa moja na nusu. Gari la kilo 2,800 linataka winchi ya kilo 4,200, ndiyo sababu pauni 9,500 imekuwa saizi ya kawaida kwa pikapu na magari ya safari. Ukikaribia kilo 3,500, nenda moja kwa moja kwenye 12,000.

Namba moja: winchi ya umeme yenye mota ya koili

Kwa watu wengi hii ndiyo ya kununua. Uliza swali moja kabla ya kuuliza bei: mota inapata usumaku kwa koili (waya uliozungushwa) peke yake, au ina sumaku za kudumu? Ya sumaku hula umeme kidogo na inatosha kwa kazi nyepesi za hapa na pale, lakini hupata joto haraka, na ikishachemka nguvu hushuka. Ya koili inakula betri zaidi, lakini mzigo mzito inauvumilia.

Na kula betri si mchezo. Winchi ikivuta kwa nguvu zake zote hupitisha zaidi ya ampea 400, kiwango ambacho altaneta, kifaa cha gari cha kuzalisha umeme injini ikiwaka, haiwezi kukifikia. Kinachobaki kinatoka kwenye betri. Injini iwe inaunguruma muda wote, uvute kwa muda mfupi, upumzishe kwa dakika kadhaa. Weka kiganja kwenye mota. Ukishindwa kukiacha hapo, nayo haiwezi kuendelea. Sauti ikianza kuwa nzito na ngoma ikipunguza mwendo bila mzigo kubadilika, betri imeanza kuchoka. Acha hapo hapo, maana ukiendelea utabaki na gari lililokwama ambalo pia haliwaki.

Kwenye waya nina msimamo. Nunua kamba ya sintetiki, ile ya nyuzi za aina ya Dyneema, isipokuwa kama winchi yako inafanya kazi kila siku kwenye mawe na magogo. Waya wa chuma unastahimili kusuguliwa, lakini nyuzi zake zikikatika huchomoza kama sindano na kupenya glavu nyembamba, na ukikatika ukiwa umekaza unaweza kurudi na kukata mtu. Kamba ya sintetiki ni nyepesi, inaelea kwenye maji, na ikikatika hurudi kwa nguvu ndogo zaidi. Ndogo zaidi si sifuri: watu wakae mbali na mstari wa kamba, na blanketi zito liwekwe juu yake.

Sintetiki nayo ina maadui watatu: jua, mchanga na joto. Ifunike, ioshe kwa maji safi baada ya tope, na uangalie breki ya winchi iko wapi. Winchi nyingi za gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya kati) zina breki ndani ya ngoma, na ukishusha gari kwenye mteremko mrefu ngoma huchemka na kuunguza kamba kutoka chini, mahali usipoona. Pia usiipitishe kwenye roli za kuongozea kamba, zile za mbele ya winchi, kama zimekwaruzwa na waya wa chuma. Badilisha, weka mdomo laini wa alumini.

Namba mbili: winchi ya mkono, aina ya Tirfor

Wengi wataishangaa nafasi hii. Sababu yangu ni kwamba winchi ya bampa ya mbele inavuta upande mmoja tu, mbele, wakati mara nyingi njia salama ya kutoka kwenye tope ni ile uliyojia. Ya mkono unaifunga nyuma, mbele au ubavuni, haihitaji betri wala injini, na inahamia gari lingine bila kufungua bolti hata moja. Ile ya tani 1.6 ukiiongezea kapi inakaribia kuvuta tani tatu. Inachosha, na inasogea sentimita chache kwa kila mvuto wa mpini, lakini mwendo huo wa polepole unakupa muda wa kuona kama kuna kitu kinaachia. Inatumia waya wake maalumu, kwa hiyo usiiwekee waya wowote uliopatikana. Beba pini za akiba: zimetengenezwa zikatike mzigo ukizidi, na ukiweka msumari badala yake umeondoa ulinzi wote.

Namba tatu: umeme, lakini gia za mnyoo

Gia za mnyoo ni zile ambapo skrubu huzungusha gurudumu la meno. Winchi yake ni nzito na ya polepole, ila gia zenyewe husaidia kushikilia mzigo. Anayeshusha magari kwenye miteremko mara kwa mara aipandishe hadi namba moja.

Nne na tano

Ya haidroliki, inayotumia pampu ya usukani, inaweza kuvuta muda mrefu bila kuchemka na haiogopi maji. Injini ikizima, nayo imekwisha. Ile inayozungushwa na giaboksi ni ya magari ya zamani ya shamba. Kama gari lako limekuja nayo, itunze, lakini usihangaike kuitafuta.

Ya kuacha kabisa ni winchi ndogo ya pikipiki za magurudumu manne, pauni 3,500, kufungwa kwenye gari.

Bajeti ikibana, punguza mbwembwe kama remoti isiyo na waya, usipunguze vifaa. Kapi linakaribia kuongeza nguvu mara mbili na kupunguza mwendo kwa nusu. Ndilo dawa ya lile tatizo la matabaka, kwa sababu linatoa waya mwingi zaidi kwenye ngoma. Ongeza mkanda mpana wa kuzungushia mti, shakeli (pingu za chuma za kuunganishia) mbili zilizoandikwa tani 4.75, glavu nene na swichi ya kukata umeme wote. Bampa ishikwe na chesisi, si na bodi. Na usivute kamwe kwa kufunga kwenye mpira wa chuma wa kukokotea trela. Ukivunjika huruka kama risasi, na umeshaua watu.

Winchi ikishafungwa, usiiamini kamba kama ilivyozungushwa kiwandani. Iko legelege, na mzigo wa kwanza utaifanya mizunguko ya juu izame katikati ya ile ya chini na kung'ang'ania. Itoe, acha mizunguko kumi kwenye ngoma, ifunge kwenye mti imara, kisha livute gari lenyewe kwenye mwinuko mdogo huku mtu akikanyaga breki kidogo, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ngoma ijae ikiwa imekaza.