AlphaFold kwa mtafuta dawa: zisome alama kabla hujaliamini umbo

Anayetafuta dawa mpya ana swali la kwanza ambalo hawezi kulikwepa: protini ninayotaka kuizuia ina umbo gani, na molekuli yangu itaishika wapi? Kwa miongo mingi jibu lilitoka kwenye fuwele za protini zilizopigwa eksirei. Fuwele moja iliweza kula miezi, hata miaka, na protini nyingine zilikataa kabisa kuganda. Kufikia 2021 majaribio ya maabara yalikuwa yamefichua umbo la asilimia 17 tu ya asidi amino zinazojenga protini za binadamu, ingawa PDB, benki ya dunia ya maumbo hayo, ilikuwa imetimiza miaka 50. Julai mwaka huo makadirio ya AlphaFold 2, programu ya akili bandia ya DeepMind inayokadiria umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino zake, yalifunguliwa kwa wote. Yaligusa asilimia 98.5 ya protini za binadamu, na asilimia 58 ya asidi amino zake zilipata alama ya kuaminika. Demis Hassabis na John Jumper walipewa Nobel ya Kemia ya 2024 kwa kazi hiyo, wakigawana tuzo na David Baker, mbunifu wa protini ambazo hazijawahi kuwepo. Waliistahili. Swali la hapa ni jingine: ukikaa mbele ya kompyuta ukiwa na shabaha ya dawa mkononi, chombo hiki kinakupa nini hasa, na kinakuacha wapi?

Kwanza ijulikane kwamba chini ya jina hili kuna huduma mbili, na kuzichanganya kunaleta hasara. Ya kwanza ni hifadhidata ya AlphaFold, inayoendeshwa na Google DeepMind pamoja na EMBL-EBI, taasisi ya Ulaya ya data za biolojia. Humo mna maumbo zaidi ya milioni 200 yaliyokwisha kukokotolewa. Unatafuta, unapakua, unaondoka. Ya pili ni AlphaFold Server, iliyofunguliwa Mei 2024, inayotumia toleo jipya zaidi, AlphaFold 3. Hapo unaingia kwa akaunti, unaweka mfuatano wako mwenyewe, na mashine inakokotoa umbo jipya, ikiwa ni pamoja na DNA, RNA, ioni na ligandi chache, yaani molekuli ndogo zinazoshikamana na protini. Zote mbili ni bure, lakini leseni zake hazifanani hata kidogo. Hifadhidata iko chini ya leseni ya CC BY 4.0: itumie hata kwenye kampuni ya dawa, mradi utaje chanzo. Seva hairuhusu matumizi ya kibiashara. Inakataza matokeo yake kutumika kufundisha modeli nyingine za aina yake, na masharti iliyoanza nayo yalikataza pia kuyapitisha kwenye programu za dokingi, zile zinazojaribu jinsi molekuli inavyoshikamana na protini. Kwa hiyo maabara ya chuo inayotegemea siku moja kuuza haki za ugunduzi wake kwa kampuni isome masharti kabla ya kubofya. Baada ya hapo ni vigumu kuondoa alama ya matokeo hayo kwenye mradi.

Kwenye hifadhidata

Tafuta kwa namba ya UniProt, daftari la dunia la protini, badala ya jina, kwa sababu jina moja hubeba protini za viumbe wengi. Chukua P00533, yaani EGFR, kipokezi kinacholengwa na dawa kadhaa za saratani ya mapafu. Ina asidi amino 1,210. Utaona umbo lenye rangi nne, na rangi hizo ndizo bidhaa yenyewe. Ni alama ya pLDDT, kutoka 0 hadi 100, kwa kila asidi amino: buluu iliyokoza ni juu ya 90, buluu nyepesi 70 hadi 90, njano 50 hadi 70, na rangi ya chungwa chini ya 50. Juu ya 90 hata minyororo ya pembeni mara nyingi imekaa vizuri kiasi cha kuchunguza mfuko wa kushikia dawa. Kati ya 70 na 90 amini uti wa mgongo wa protini, si zaidi. Zile nyuzi za chungwa zinazoelea kama tambi kuzunguka protini si umbo. Aghalabu ni sehemu isiyo na umbo maalumu inapokuwa peke yake. Kuzitafutia mfuko wa dawa ni kupoteza wiki.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa kubwa linapozaliwa. pLDDT inasema kila kipande kimekaa sawa ndani yake. Haisemi kama vipande viwili vimewekwa sawa kimoja kwa kingine. Hilo husomwa kwenye mraba wa kijani ulio kwenye ukurasa huohuo, unaoitwa PAE. Kijani kilichokoza maana yake kosa linalotarajiwa ni la angstromu chache (angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanomita). Kikififia, nafasi kati ya sehemu hizo mbili ni ya kukisia. Katika EGFR, sehemu ya nje ya seli ni imara ndani yake na kimeng'enya cha ndani ni imara ndani yake, lakini mpangilio wa moja dhidi ya nyingine haufai kupimwa kwa rula. Wala utando wa seli haumo katika hesabu, kwa hiyo mkia unaopaswa kubaki ndani unaweza kuchorwa ukikatiza pale ambapo utando ungekuwa. Kata kipande cha kimeng'enya peke yake, takriban kuanzia asidi amino ya 712 hadi ya 979, ufanye kazi nacho.

Mtego mwingine ni mdogo lakini umeharibu hesabu nyingi. Ndani ya faili, pLDDT imewekwa kwenye safu ambayo faili za maabara huweka kipimo cha B, kinachoonyesha jinsi atomu inavyotikisika. Kwenye faili za maabara namba kubwa katika safu hiyo ina maana ya mashaka makubwa. Hapa namba kubwa ni uhakika. Programu isiyojua tofauti hiyo itachukulia sehemu bora kuwa mbovu, na mbovu kuwa bora, bila kutoa onyo lolote.

Protini ndefu nazo zina kasoro yake. Za binadamu zinazozidi asidi amino 2,700, kama BRCA2 yenye 3,418, zilikatwa vipande vya 1,400 vinavyopishana, navyo vinapatikana kwenye kifurushi kikubwa cha kupakua, si kwa kutafuta ukurasa. Usiviunganishe mwenyewe ukadhani umepata protini nzima.

Na kabla ya yote hayo, angalia PDB. Kama umbo la maabara lipo, hasa likiwa na ligandi ndani, lichukue hilo. Hifadhidata ya AlphaFold huonyesha minyororo isiyo na ligandi, ioni wala hemu, ile molekuli yenye chuma iliyomo kwenye himoglobini.

Kwenye seva: ipime kwa himoglobini

Kipimo kizuri cha kuifahamu AlphaFold Server ni himoglobini ya binadamu, kwa sababu majibu yake yanajulikana. Weka mnyororo wa alfa (P69905) nakala 2, wa beta (P68871) nakala 2, kisha chagua hemu, nakala 4. Hesabu ya tokeni ni rahisi: kila asidi amino ni tokeni 1, na kila atomu ya ligandi, ukiacha haidrojeni, ni tokeni 1. Alfa 142 mara 2, beta 147 mara 2, hemu atomu 43 mara 4: jumla 750, mbali kabisa na kikomo cha 5,000.

Utapata kifurushi chenye maumbo 5 ya muundo wa mmCIF (faili za umbo) na faili za JSON (zenye alama). Fungua faili ya muhtasari wa alama kwanza. ipTM, alama ya uhakika wa jinsi minyororo inavyokaa pamoja, ikiwa juu ya 0.8 ni nzuri. Kati ya 0.6 na 0.8 huwezi kuapia. Chini ya 0.6 muungano huo pengine haukufanikiwa. Alama ya kupangia maumbo huchukua ipTM mara 0.8, pTM (alama ya umbo zima) mara 0.2, huongeza nusu ya sehemu isiyo na umbo, na kupunguza 100 panapokuwa na atomu zilizogongana. Ukiona alama hasi kubwa, usihangaike na picha. Rudia kwa mbegu nyingine, yaani namba ya nasibu inayoanzisha hesabu.

Kisha pima umbali kati ya chuma cha hemu na nitrojeni ya histidini inayokishika: unapaswa kukaribia angstromu 2.1. Vitabu huiita histidini 87 ya alfa na 92 ya beta, lakini kwenye matokeo yako itakuwa 88 na 93, kwa sababu mfuatano wa UniProt huanza na methionini ambayo mwili huiondoa. Kosa hilo la namba moja huonekana dogo hadi mtu aagize badiliko kwenye asidi amino isiyohusika. Ukimaliza, linganisha na 1A3N ya PDB, himoglobini isiyobeba oksijeni. Himoglobini ina hali mbili, yenye oksijeni na isiyo nayo. Seva itakupa umbo lake bila kukuambia ni la hali ipi.

Safisha mfuatano kabla ya kuuweka. Ondoa kipande cha ishara kilicho mwanzoni, ambacho seli hukikata baada ya kuipeleka protini mahali pake, ambacho kwa EGFR ni asidi amino 24. Kata pia mikia mirefu isiyo na umbo, kwa maana inashusha ipTM hata pale ambapo sehemu zinazogusana zimekaa vizuri. Watu wametupa miungano ya kweli kwa sababu ya mikia tu. Kwa peptidi fupi, chini ya tokeni 20, usitegemee kabisa pTM ya mnyororo huo. Kipimo hicho ni kikali mno kwa vitu vidogo; soma PAE kati yake na protini.

Kwa kingamwili, mbegu moja haitoshi. Waundaji wenyewe walionyesha kuwa usahihi wa kingamwili na shabaha yake unaendelea kupanda hadi mbegu 1,000, ilhali seva hutumia mbegu moja kwa kazi moja na ina kikomo cha kazi kwa siku. Hapo seva imebana.

Pale inapomwangusha mtafuta dawa

Udhaifu wa kwanza ni orodha ya ligandi. Ni fupi: ATP na jamaa zake, hemu, FAD, asidi chache za mafuta, klorofili na kadhalika. Molekuli uliyoibuni wewe haiingii. Kwa chombo kinachozungumzwa sana katika habari za dawa, hili ni pengo kubwa, na ni la makusudi: Isomorphic Labs, kampuni dada inayoongozwa na Hassabis, ndiyo inayofanya kazi hiyo kibiashara, na Januari 2024 ilitangaza mikataba na Eli Lilly na Novartis. Msimbo wa AlphaFold 3 ulitolewa Novemba 2024, nao unakubali ligandi yoyote, lakini vigezo vyake hutolewa kwa maombi na kwa kazi isiyo ya kibiashara. Hata ukivipata, kagua mkono wa kila kaboni yenye sura ya kioo, yaani inayoweza kupangwa kwa namna mbili kama mkono wa kushoto na wa kulia. Katika majaribio ya waundaji, asilimia 4.4 ya maumbo yalikosea hilo, na dawa iliyogeuzwa mkono ni dawa nyingine.

Wa pili ni mzito zaidi. Protini hubadili umbo inaposhikwa, na dawa nyingi bora hushika umbo la nadra. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001 kwa leukemia, huishika ABL, kimeng'enya cha jamii ya kinasi, ikiwa imelala (haifanyi kazi). Modeli hizi huelekea kuchora vimeng'enya vya jamii hiyo vikiwa macho. KRAS, protini inayochochea saratani nyingi, ilisemwa kwa muda mrefu kuwa haishikiki, hadi 2013 kundi la Kevan Shokat lilipoonyesha mfuko unaofunguka molekuli inapojifunga kwenye sisteini ya 12. Sotorasib, dawa inayoshika hapo, ikaidhinishwa Mei 2021. Mfuko huo haukuonekana kwenye maumbo ya KRAS bila molekuli hizo. Nayo cereblon, protini inayoshikwa na thalidomide, AlphaFold 3 huichora ikiwa imefumba hata pale ambapo bila ligandi huwa wazi. Kwa hiyo ukiona hakuna mfuko, jibu hilo halitoshi kufunga mradi.

Tatu, badiliko moja la asidi amino. Ukiweka G12C (glisini ya 12 ya KRAS kuwa sisteini) au T790M (threonini ya 790 ya EGFR kuwa methionini) utapata umbo lilelile kwa tofauti ya unywele, na hilo si ushahidi kwamba badiliko halina madhara. Kwa swali la madhara kuna AlphaMissense, modeli ya DeepMind ya 2023, iliyokadiria mabadiliko milioni 71 ya binadamu, na alama zake zimewekwa kwenye kurasa za hifadhidata. Lakini nayo inakadiria kama badiliko ni la hatari. Haitabiri dawa ipi itashindwa.

Haki itendeke pia. Mwaka 2024 watafiti walichuja maktaba kubwa za molekuli dhidi ya umbo la AlphaFold 2 la kipokezi cha sigma-2 na cha serotonini 5-HT2A, wakapata molekuli zinazoshika kwa kiwango kinachokaribiana na cha maumbo ya maabara. Kwa hiyo maumbo ya hifadhidata yanafaa kuchujia molekuli, pLDDT ya mfuko ikiwa juu ya 90 na ukiwa na bajeti ya kupima molekuli za kutosha kwenye maabara.

Anayefanya kazi ya kampuni, au mwenye molekuli yake mwenyewe, aende Boltz-2, modeli ya aina hii iliyotoka Juni 2025 kwa leseni ya MIT, inayoruhusu matumizi ya kibiashara. Inapokea ligandi yoyote kwa maandishi ya SMILES, yaani herufi zinazoeleza muundo wa molekuli, na hukadiria pia nguvu ya mshiko. Inahitaji kadi ya GPU na mtu asiyeogopa dirisha la amri. Ukikosa vyote viwili, baki na hifadhidata. Kwa protini moja bila ligandi bado ndiyo njia ya haraka na safi kisheria. Seva itumie kuuliza kama protini mbili zinagusana, na wapi. Kisha chagua asidi amino tatu au nne za mpaka huo, zibadilishe moja moja kuwa alanini, na upime kwenye maabara kama mshiko unapungua. Weka na badiliko moja lililo mbali na mpaka kama kidhibiti. Kama nalo linavunja mshiko, huenda umeivuruga protini nzima, na matokeo ya yale mengine hayana maana.