Picha Inakwama, Sauti Inakwaruza: Ununue Nini Kwanza?

Msimu wa harusi ukiisha na malipo yakiingia, napokea simu ya aina moja kutoka kwa vijana tunaofanya nao kazi ya video: "Kaka, nimeshika laki nane, nichukue laptopu gani?" Nami huuliza kwanza kinachomkera kwenye meza ya kuediti ni nini. Sauti ya mchungaji imepasuka. Au mdomo wa bwana harusi unatangulia sauti yake. Au klipu zinakwama kila akibonyeza kucheza. Katika maradhi hayo matatu, laptopu mpya inatibu moja tu, na hilo moja nalo lina dawa ya bure.

Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kifaa kipi kinakupunguzia usiku wa kukesha kwa hela ndogo zaidi. Naandika kama mpiga video wa harusi na sendofu, Dar es Salaam, ninayepiga na kuediti mwenyewe. Mwenye studio na wafanyakazi ana hesabu zake.

Kabla hujatoa hela

Sauti na picha zikiachana polepole, mwanzo ziko sawa na dakika ya ishirini zimeshagombana, angalia kama klipu imetoka kwenye simu. Simu nyingi zenyewe hupandisha na kushusha idadi ya fremu kwa sekunde, yaani picha mojamoja zinazounda video, na programu ya kuediti inachanganyikiwa. Ipitishe klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, uchague fremu zisizobadilika, kisha ndiyo uiingize kwenye kazi.

Klipu za H.265 zikikwama, tengeneza prokisi, yaani nakala nyepesi za kufanyia kazi. H.265 ni kodeki, yaani njia ya kubana video, na haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi moja nzima, kisha zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Ukirukaruka huku na huku kwenye taimlaini, ule mstari unaopangia klipu, kompyuta inalazimika kuzikokotoa fremu upya kila mara. Programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, toleo la bure, inatengeneza prokisi hizo ukiwa umelala.

Taa za ukumbi zikipitisha mistari kwenye picha, umeme wetu ni wa hezi 50: weka kasi ya shata ya kamera 1/50 au 1/100 ya sekunde. Hapo hakuna kifaa cha kununua.

1. Kinasa sauti

Hiki nakiweka juu ya vyote, na sababu imenigharimu. Miaka yangu ya mwanzo nilipiga harusi moja Morogoro, nikachomeka waya kutoka mikisa ya DJ moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera. Sauti ya mikisa hutoka na nguvu ya laini, kubwa mno kwa tundu lililotengenezwa kupokea maiki. Hotuba nzima ya baba wa bibi harusi ikasikika kama samaki wanaokaangwa. Nilijaribu kila programu niliyoisikia. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi imeshakatwa vichwa vya mawimbi yake, na hakuna mahali pa kuvitoa tena. Nilirudisha sehemu ya hela.

Ukiweza, chukua kinachorekodi kwa biti 32 za nukta elea. Maana yake MC akipiga kelele ghafla, mezani unaishusha sauti nayo inarudi nzima, mradi maiki yenyewe haikuzidiwa. Zoom H1essential ya 2024 ndiyo mlango wa bei nafuu. Kama utavuta sauti kutoka kwa DJ, muulize muuzaji kama tundu la kinasa linapokea nguvu ya laini, na ujaribu hapohapo dukani.

Maiki zisizo na waya zinafuata. Rode Wireless PRO na DJI Mic 2 zina kisambazaji, kile kipande anachovaa msemaji, kinachorekodi ndani yake kwa biti 32, kwa hiyo mawimbi yakikatika ukumbini, nakala ipo kwenye koti la bwana harusi. DJI Mic Mini ile ya kwanza, ya mwishoni mwa 2024, ni nyepesi na bei yake inavutia, ila kisambazaji chake hakirekodi ndani. Kwa mahojiano inatosha, lakini kwa kiapo cha ndoa siithubutu.

Mwenye hela ndogo kabisa anunue maiki ya kubana kwenye nguo, kama Boya BY-M1, aichomeke kwenye simu ya zamani iliyowekwa hali ya ndege, aitie mfukoni mwa bwana harusi. Ina waya wa mita 6, betri ndogo ya LR44 na swichi ya kuchagua simu au kamera. Nusu ya wanaosema "maiki imekufa" wamesahau swichi hiyo.

Maiki ndefu ya kupachika juu ya kamera naiweka mwisho kabisa. Ukiwa mita kumi kutoka madhabahuni inakuletea mwangwi wa kanisa na kikohozi cha benchi la nyuma.

Jambo moja lisikutishe: kinasa na kamera kila kimoja kina saa yake, na baada ya saa nzima vinaweza kupishana fremu kadhaa. Kinasa si kibovu. Kata sauti palipo kimya, uisogeze, uendelee. Na kwenye mipangilio ya kinasa chagua kurekodi kwa kHz 48, si 44.1 ya muziki.

2. Hedfoni za waya

Za waya, narudia. Za Bluetooth huchelewesha sauti, nawe utaisogeza sauti iliyokuwa sahihi ili ifuate ucheleweshaji ambao mtazamaji hatausikia. Sony MDR-7506 ziko sokoni tangu 1991 na bado watu wanazing'ang'ania. Audio-Technica ATH-M20x ni za mfuko mwepesi. Zivae ukiwa unapiga pia. Mngurumo wa umeme ukiusikia ukumbini, unahamisha waya na kazi inaendelea. Ukiusikia mezani, umekula kwako.

3. Diski

Hesabu ni hii: kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza takriban GB 45 kwa saa. Kamera mbili zikizunguka saa sita ni GB 540. Nunua SSD ya nje, ile diski ya kasi isiyozunguka, ya kufanyia kazi na diski ya kawaida, kubwa, ya kuhifadhi nakala. Usinunue mbili za SSD huku nakala huna.

Ila SSD haiponyi klipu za H.265 zinazokwama. Klipu hiyo ya megabiti 100 inahitaji MB 12.5 tu kwa sekunde, na hata diski ya kuzunguka inazimudu. SSD inakusaidia kwenye kunakili na kwenye prokisi nyingi kwa pamoja. Angalia na tundu unalochomekea, maana USB 2.0 inakomea karibu MB 40 kwa sekunde hata ungechomeka nini.

Bandia ni nyingi. Flashi au kadi inayotangazwa ukubwa wa ajabu kwa bei ya chipsi mayai huandika faili juu ya faili, na unagundua siku ya kuediti. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac kabla haijaingia kwenye kamera. Na mteja akilalamika kwamba flashi yake inakataa filamu ya harusi, huenda imeformatiwa FAT32, mpangilio wa faili ambao haupokei faili ya kuzidi GB 4. Iformati exFAT.

4. RAM

RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi. GB 16 ndiyo sakafu, 32 kwa 4K. Fungua laptopu kwanza uone kama ina nafasi, kwa sababu nyingi nyembamba RAM yake imelehemiwa. Anayetumia kompyuta ya mezani aongeze UPS, betri ya kuokoa kazi umeme ukikatika, hapahapa.

5. Laptopu yenyewe

Wauzaji watakusukumia kadi kubwa ya grafiki. Kama kamera yako inarekodi H.265 ya biti 10 na rangi za 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, kama Sony A7 IV inavyoweza, kadi za NVIDIA kabla ya RTX za mfululizo wa 50 haziisomi kwa maunzi, yaani kwa sakiti maalumu ya kusomea video. Prosesa za Intel kizazi cha 11 na kuendelea zinaisoma, na Mac za M1 za 2020 pia. Soma namba ya prosesa: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Resolve ya bure kwenye Windows ina mipaka kwa klipu hizo. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja. Nenda dukani na flashi yenye klipu yako, uicheze mbele ya muuzaji.

Yule wa laki nane alichukua kinasa, hedfoni na SSD. Laptopu yake ya kizazi cha 8 bado inatengeneza prokisi usiku, feni ikivuma hadi mama mwenye nyumba anauliza anapika nini.