Fundi wa Luthuli na Sansui ya mzee wangu

Nimenyamaza wiki kadhaa nikidhani hasira itaisha, wapi. Kuna fundi Luthuli Avenue, hapa Nairobi, jina nabaki nalo juu sitaki maneno na mtu.

Ampu, ile mashine ya kusukuma spika, ni Sansui ya mzee wangu, ile Jumapili ikipiga zilizopendwa ploti nzima inajua baba hajaenda job. Shida yake ilikuwa ndogo tu. Ukiwasha, unangoja rilei, ile kaswichi ya ndani inaunganisha spika, ifanye "ta!", spika ya kushoto inaimba, ya kulia kimya. Ukipandisha volyumu ghafla, ya kulia inaamka. Ukishusha usiku watoto wakilala, inakwaruza kidogo halafu inakufa tena. Nilimweleza hivyo hivyo, na hata sijamaliza akanikata: "Madam, hizo ni transista. Za kitambo zimeisha." Sh. 4,500, nusu kwanza kwa M-Pesa.

Siku ya kuichukua ndio damu yangu ilichemka. Anachomeka simu yake, anaweka gospo volyumu mpaka mwisho, na duka la jirani limetoa spika zake nje zinanguruma, halafu ananiangalia: "Si unaskia zote mbili?" Nikamwambia fundi, shusha, shida iko chini, si juu. Akawageukia vijana wake, "Madam amekuja kunifunza kazi." Wakacheka wote. Nikalipa, nikabeba lile jiwe peke yangu mpaka steji.

Nyumbani nikashusha volyumu. Kulia kimya! Na sasa juu ya hiyo kuna joto, upande mmoja huwezi weka mkono ukahesabu hadi tano. Nikampigia nikitaka transista za zamani, akasema alitupa. Alitupa wapi? Mimi nikaapa ziko kwa ampu ya mtu mwingine, na zangu ni feki.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Umoja, hutengenezea redio kwake kwa nyumba. Huyo hata solda hakushika kwanza. Alichukua balbu ya kizamani, ile ya kawaya ndani, akaipitisha kwa laini ya stima kabla ya ampu, "kukiwa na shoti iwake balbu, isiungue kitu yako." Haikuwaka sana. Akatoa kifuniko cha rilei, akakata kikaratasi cheupe, akachovya spiriti, akakibana katikati ya kontakti na kukivuta. Kikatoka cheusi kama kimefuta sufuria ya jiko la makaa. Mara tatu. Kisha akazungusha kaskrubu fulani kadogo akiangalia mita, joto likashuka. Sh. 800, na chai nikanyweshwa mimi.

Kwa hivyo ya Luthuli usiende... ama nenda, sijui. Manake mzee alipogeuza bodi aliniambia, "Msichana yangu, huyu kijana solda yake ni safi. Na hizi transista si feki, ni vile tu hakuseti bayasi, ule umeme kidogo unapita ndani yazo hata bila muziki." Hiyo iliniuma kuliko zile pesa, nilikuwa nishamwita mwizi kwa kila mtu pale kwetu. Lakini si bado alibadilisha kitu haikuwa imeharibika? Na kwa nini asishushe volyumu tu, sekunde mbili?

Juzi redio ya jikoni imezima, na Umoja ni mbali. Nikajipata natafuta namba ya yule wa Luthuli kwa simu. Nikakumbuka kile kicheko, nikairudisha simu mezani.