Aliniita dhaifu mbele ya darasa zima

Nimeudhika, na nitaandika nikiwa hivyo hivyo.

Chuo chetu hapa Kisumu kimeingiza masomo ya rika ndani ya kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi aliyekwisha kuifaulu kozi hiyo huhudhuria mihadhara pamoja nasi, kisha jioni hutuongoza kwenye kikao. Mhadhiri alitueleza kuwa mpango huu ulianzia Kansas City, Marekani, mwaka 1973, na kwamba haulengi wanafunzi dhaifu bali kozi ngumu. Anayekuwa wa kwanza darasani anaitwa, anayeshika mkia anaitwa. Nilipenda hapo.

Basi juzi juzi, jioni ya mvua, nikatoka Kondele kwa matatu iliyopandisha nauli, nikafika nimelowa chapachapa. Tulikuwa kwenye moli, kile kipimo cha kemia cha kuhesabia kiasi cha kemikali. Nikauliza kwa nini gramu za kalsiamu kaboneti, ile kemikali ya mawe ya chokaa, tunazigawanya kwa 100. Kijana aliyekuwa akituongoza akaweka kalamu chini, akasema, "Dada, hii ni ya kidato cha tatu. Nyinyi dhaifu ndio mnatuchelewesha." Watu wakacheka.

Nilisoma shule ya kutwa ambayo maabara yake ilikuwa na bomba moja la maji. Swali lile nimelibeba tangu huko, nikalileta mahali nilipoambiwa maswali yaletwe! Halafu akageuka, akajaza ubao kwa jibu zima, akafuta kabla hatujanakili. Kiongozi wa kikao hatakiwi kuhutubu. Anatakiwa kulirudisha swali kwa kikundi tulitafute wenyewe.

Nilikuwa nimeapa kuwaambia msikanyage huko. Ila nikisema hivyo nitakuwa nimemdhulumu dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyeshika zamu baada yake. Huyo alikuja na swali moja: mawe ya chokaa, kama yale ya Koru, yakiwa safi kabisa, ukichoma kilo 100 unabaki na kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimekwenda wapi? Akanyamaza. Mmoja akasema zimepotea, mwingine akasema ni maji yamekauka, jirani yangu akakataa, ni gesi, ni kaboni dayoksaidi. Tukabishana hadi sauti zikapanda, na humo humo nikaona ile 100 ilikotoka: moli moja ya kalsiamu kaboneti ina gramu 100. Machozi yalinilenga. Miaka yote ile, na ilihitaji mtu wa kunyamaza tu.

Kwa hiyo nendeni. Nendeni kabisa, kama ni zamu ya yule dada. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko natamani kulifuta neno hilo "nendeni", maana kuna msichana aliyekaa nyuma yangu siku ile, naye alikuwa ameinua mkono nusu. Aliushusha. Sijamwona tena kikaoni.

Mhadhiri nimemweleza, akasema atazungumza na yule kijana. Jumatano nitakuwepo. Nikimkuta ndiye anayeongoza nitatoka, na wenzangu wawili wamesema watatoka nami.