C-SPAN Ikitazamwa kutoka Dar es Salaam

Machi 2025, Rais Donald Trump alipotia saini agizo la kuibana taasisi inayosimamia Sauti ya Amerika, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaambiwa wakae nyumbani, wasikilizaji wengi wa Dar es Salaam walipoteza kwa mkupuo mmoja sauti waliyoizoea ya kuwasimulia mambo ya Washington kwa Kiswahili. Idhaa za BBC na DW zimebaki na zinafanya kazi nzuri, lakini muda wao ni mfupi na dunia ni pana. Pengo limezibwa na vipande vya video vinavyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kila kimoja kikiwa kimekatwa na mtu mwenye upande wake, hivyo mabishano ya Warepublican na Wademokrati hutufikia barazani yakiwa hayana mwanzo wala mwisho. Huduma ninayoitathmini hapa, C-SPAN, inalitibu tatizo hilo kuliko nyingine yoyote ninayoifahamu, ingawa ina kasoro moja kubwa ambayo mtazamaji hana budi kuijua kabla hajamaliza bando lake.

C-SPAN ni mtandao wa televisheni usiotafuta faida, ulioanzishwa na Brian Lamb. Matangazo yake ya kwanza yalirushwa Machi 19, 1979, siku ambayo Baraza la Wawakilishi la Marekani lilianza kuonyesha vikao vyake, na mbunge wa kwanza kuhutubia mbele ya kamera hizo alikuwa Al Gore wa Tennessee, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais. Seneti ilisitasita hadi 1986, ndipo ikazaliwa C-SPAN2. Fedha za kuuendesha hazitoki serikalini, bali hutoka kwa kampuni za kebo na setilaiti, ambazo hulipa senti chache kwa kila mteja wao. Kinachoonekana ni kikao chenyewe, tangu sala ya kufungua hadi hoja ya kuahirisha, bila mchambuzi wa kukwambia umeona nini.

Faida ya utaratibu huo niliiona wazi Julai 2025. Serikali ya Trump ilikuwa imeliomba Bunge la Marekani lifute matumizi ya takriban dola bilioni 9.4 yaliyokwisha kuidhinishwa, sehemu kubwa ikiwa ya misaada ya nje na dola bilioni 1.1 zikiwa za redio na televisheni za umma. Ndani ya ombi hilo la awali zilikuwamo dola milioni 400 za PEPFAR, mpango ulioanzishwa 2003 chini ya Rais George W. Bush, ambao watu wa hapa wanaujua kupitia kliniki za CTC na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Jambo hili, basi, halikuwa la Wamarekani peke yao. Barazani kwetu Magomeni walikuwapo walioapa kwamba PEPFAR imefutwa yote na dawa zitakwisha kabla ya mwezi kuisha, na walikuwapo waliosema kwamba huo ni uzushi wa Wademokrati wa kumchafua Trump; kila upande ulikuwa na kipande chake cha video cha kuonyesha, na hakuna kipande kilichozidi dakika moja.

Mjadala mzima wa Seneti ulionyesha picha ambayo upande wowote kati ya hizo mbili haukuwa nayo. Seneta Eric Schmitt wa Missouri, aliyeutetea muswada kwa niaba ya Warepublican, alihoji kwa nini mlipakodi wa Marekani agharimie miradi ya nchi za mbali ambayo aliiona ya ovyo. Wademokrati, wakiongozwa katika hoja hiyo na Patty Murray wa jimbo la Washington, walijibu kwamba mamlaka ya kupanga matumizi ni ya Bunge, na kwamba makubaliano ya vyama viwili yakivunjwa na chama kimoja miezi michache baadaye, hakuna atakayekubali tena kuketi mezani kuandaa bajeti. Kilichonishangaza zaidi ni msimamo wa Susan Collins wa Maine, Mrepublican na mwenyekiti wa kamati ya matumizi, aliyelalamika kwamba ofisi ya bajeti ya Rais haikutoa maelezo ya kutosha juu ya kile hasa kitakachokatwa. Zile milioni 400 za PEPFAR ziliondolewa kwenye muswada, na asubuhi ya Julai 17 kwa saa zetu Seneti ikaupitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, Collins na Lisa Murkowski wa Alaska wakipiga kura ya hapana pamoja na Wademokrati. Siku iliyofuata Baraza la Wawakilishi likauridhia kwa kura 216 dhidi ya 213. Waliosema PEPFAR imefutwa yote walikosea, na waliosema hakuna aliyeigusa walikosea pia. Zaidi ya hayo, ugomvi uliozinusuru fedha hizo ulikuwa ndani ya chama kimoja, jambo ambalo mkata video wa upande wowote hana sababu ya kulionyesha.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, hakitoki ukumbini. Washington Journal huanza kila siku saa moja asubuhi ya Washington, nacho huwapokea wananchi kwa simu, lakini si kwa namba moja: ipo ya Warepublican, ipo ya Wademokrati na ipo ya wasiofungamana na chama. Nilipoanza kukifuatilia kipindi hicho utaratibu huu uliniudhi kidogo, kwa maana unamlazimisha mtu avae sare kabla hajafungua kinywa. Baadaye nimeuona uzuri wake, kwa sababu mpiga simu mara nyingi husema jambo ambalo sare yake haikulitarajia. Desemba 2014 waliketi studioni ndugu wawili, Brad na Dallas Woodhouse, mmoja mwanaharakati wa Democratic na mwingine wa Republican, wakibishana kwa bidii kubwa, mara ikaingia simu kutoka North Carolina na mpigaji akawa mama yao mzazi. Aliwaambia mbele ya taifa zima kwamba anatumaini watayamaliza hapo hapo, kwa kuwa anataka Krismasi yenye amani nyumbani kwake. Nani kati yetu hana mjomba na shemeji wanaohitaji simu ya namna hiyo?

Simu nzito zaidi ilikuja Oktoba 2025. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu siku ya kwanza ya mwezi huo kwa kukosa muswada wa matumizi. Warepublican walikuwa na viti 53 katika Seneti, lakini kuukatisha mjadala kunahitaji kura 60 kati ya 100, nao Wademokrati walishikilia kwamba hawatatoa kura zao mpaka iongezwe muda ruzuku ya bima ya afya iliyokuwa inakwisha mwishoni mwa mwaka. Warepublican walisema serikali ifunguliwe kwanza, mazungumzo yafuate. Baraza la Wawakilishi lenyewe halikuwa likipiga kura tangu Septemba 19, kwa hiyo ukumbini hapakuwa na la maana la kutazama. Katika hali hiyo Spika Mike Johnson alikubali kuketi Washington Journal na kupokea simu. Mke wa mwanajeshi, aliyejitambulisha kuwa Mrepublican, akamwambia kwamba watoto wake wawili ni wagonjwa, kwamba mshahara wa mumewe ukichelewa watoto hao wanaweza kupoteza maisha, na akamsihi awaite wabunge warudi kazini. Johnson alimpa pole, akasema Baraza lilikwisha pitisha muswada wake na wanaozuia ni Wademokrati wa Seneti. Msomaji ana haki ya kuamua kama jibu hilo lilitosha. Kwangu halikutosha, lakini nawashukuru waandaaji kwamba nililisikia lote, pamoja na ukimya mfupi uliolitangulia. Ufungaji huo ulidumu siku 43, ukavunja rekodi ya siku 35 ya mwaka 2018 na 2019, na ulimalizika Novemba 12 bila ruzuku ile kuongezwa muda.

Sasa kasoro. Kamera za kumbi za Bunge la Marekani si mali ya C-SPAN. Zinaendeshwa na mabaraza yenyewe, mtandao unapokea tu picha na kuirusha, hivyo mtazamaji anaona kile ambacho uongozi wa Baraza umependa kionekane, kwa kawaida aliyesimama kuzungumza na si waliokaa wakisinzia au waliotoka nje. Mwaka 1984 jambo hili lilizua ugomvi wa vyama wenye sumu kweli kweli. Newt Gingrich na wenzake wa Republican walikuwa na desturi ya kuhutubia jioni, baada ya shughuli za siku kwisha, wakiwatuhumu Wademokrati na kutua kana kwamba wanangoja majibu, ilhali ukumbi ulikuwa mtupu na mtazamaji hajui. Mei mwaka huo Spika Tip O'Neill, Mdemokrati, aliamuru kamera izungushwe ionyeshe viti vitupu. Warepublican wakawaka, O'Neill naye akatoa maneno makali kiasi kwamba yalifutwa kwenye kumbukumbu za Baraza, fedheha isiyo ya kawaida kwa Spika.

Kinyume chake kilionekana Januari 2023. Baraza jipya lilikuwa halijapata Spika wala kanuni, na kwa siku chache kamera za C-SPAN zenyewe ziliruhusiwa kutembea ukumbini zitakavyo. Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura ili achaguliwe, na dunia ilimwona Matt Gaetz, Mrepublican wa mrengo wa kulia kabisa, akinong'onezana na Alexandria Ocasio-Cortez wa mrengo wa kushoto, kisha usiku wa mwisho ikamwona Mike Rogers wa Alabama akishikwa na mwenzake asimrukie Gaetz. McCarthy alipopata kiti kanuni zikarudi, na kamera zikarudi kumtazama msemaji peke yake. Kwa maoni yangu zile siku chache ndizo zilizokuwa kilele cha huduma hii, na inasikitisha kwamba hazikutokana na uamuzi wa mtu yeyote. Sisi tuliotangaziwa Januari 2016 kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge letu, kwa hoja ya gharama, hatuhitaji kuelezwa sana jinsi swali la nani anashika kamera lilivyo zito.

Kuhusu matumizi ya kila siku, mtazamaji wa Dar ajiandae kwa mambo kadhaa. Matangazo ya kumbi hupatikana bure kwenye tovuti na kwenye programu ya simu, lakini kuzitazama chaneli zenyewe moja kwa moja, kama mteja wa televisheni anavyozitazama, kunadai akaunti ya kampuni ya kebo ya Marekani, ambayo sisi hatuna. Video hula bando bila huruma. Dawa yake ni redio ya C-SPAN, inayosikika bure kwa intaneti na inayobeba Washington Journal, nayo haina njaa hata kidogo ukiilinganisha na video. Seneti inapongoja wajumbe wakubaliane faraghani, C-SPAN2 hupiga muziki wa ala wa kale wa Ulaya, wakati mwingine kwa muda mrefu wa kutosha kuivisha maharage. Hakuna Kiswahili popote, na Kiingereza cha taratibu za Seneti ni kigumu hata kwa aliyekisoma, ingawa atakayezoea kusikia wabunge wetu wakianza na Mheshimiwa Spika hatapata shida kuelewa kwa nini mahasimu hawa wanaitana waungwana huku wakichanana.

Saa ndizo mtihani wenyewe. Cory Booker wa New Jersey aliposimama kuipinga serikali ya Trump, hapa ilikuwa saa nane usiku kuamkia Aprili 1, 2025, na alipokaa ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Aprili 2, akiwa amezungumza kwa saa 25 na dakika 5 na kuivunja rekodi ya Strom Thurmond, aliyezungumza zaidi ya saa 24 mwaka 1957 kuupinga muswada wa haki za raia. Hakuna haja ya mtu mwenye kazi kukesha hivyo, kwa sababu maktaba ya video, yenye vipindi tangu 1987, iko wazi na inaweza kutafutwa kwa jina la msemaji. Mtu akikuletea kipande cha sekunde arobaini, andika jina na tarehe, utaikuta hotuba nzima.

Anayetaka kuambiwa nani ameshinda mabishano hatapata kitu hapa, naye abaki na televisheni za wachambuzi. Kwa wengine wote napendekeza waanze na Washington Journal kwa redio, saa nane mchana, au saa tisa alasiri kati ya Novemba na Machi, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma.