Nilimkabidhi Bi Mkubwa tovuti yake aisasishe mwenyewe: uzoefu wangu na WordPress

Kwa miaka minne ujumbe ulikuwa ukiingia wakati ule ule, baada ya Isha: “Mwanangu, chumba cha juu sasa dola 45.” Naacha chakula, nafungua kompyuta, nabadilisha tarakimu mbili, nahifadhi. Asubuhi unaingia mwingine: “Hiyo 45 ni kuanzia Juni, si sasa.” Nafungua tena.

Anayeandika ni mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita huko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mimi natengeneza tovuti za biashara ndogo nikiwa Mjini, na yeye ni katika wateja wangu wa mwanzo kabisa. Kijijini wote wanamwita Bi Mkubwa, nami namwita hivyo hivyo. Hakuwa msumbufu hata siku moja. Ni bei zenyewe hazikai. Masika ya Aprili na Mei zinashuka, Julai na Agosti zinapanda, mwisho wa Disemba zinapanda tena. Ramadhani ikiingia, saa za chakula nazo zinabadilika, na Ramadhani haina mwezi maalumu kwenye kalenda ya wageni, kila mwaka inakuja siku kumi au kumi na moja mapema. Tovuti ya biashara kama ile ni ubao wa bei uliotundikwa mlangoni. Tatizo ni kwamba chaki nilikuwa nayo mimi, zaidi ya kilomita hamsini kutoka kwenye mlango huo.

Mwaka 2023 niliamua kumpa chaki yake. Naandika haya kwa mafundi wenzangu, na kwa wenye biashara wanaojiuliza kama waombe ruhusa hiyo kwa waliowatengenezea tovuti. Waombe. Lakini namna ya kupewa ina mambo yake.

Nilichotumia ni WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, ile unayoipandisha mwenyewe kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Ipo tangu 2003, ni ya bure, na kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia teknolojia zinazotumika kwenye tovuti, inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Sikuichagua kwa wingi huo wenyewe. Niliichagua kwa sababu nikihamia Muscat kesho, Bi Mkubwa hatakosa fundi mwingine Unguja au Dar es Salaam wa kuishika kazi pale nilipoiacha. Mteja asifungwe kwa fundi mmoja. Hilo kwangu ni jambo la haki.

Kosa la kwanza nililifanya kwa mteja mwingine kabla yake, na lilikuwa langu mimi. Nilimpa akaunti ya Msimamizi, yaani ruhusa zote. Mwenyewe akaona programu-jalizi (plugin, programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo) ya bure ya kuweka kitufe cha WhatsApp, akaipakia, ikagombana na nyingine iliyokuwepo, na tovuti nzima ikabaki na mstari mmoja tu unaosema kuna hitilafu kubwa. Ilikuwa Ijumaa na mimi nilikuwa msikitini, simu imezimwa. Nilipoiwasha nikamkuta anaomba radhi kama aliyevunja chombo cha watu. Hakuwa na cha kuombea radhi. Nilimpa funguo za injini wakati alichohitaji ni kufungua mlango wa duka.

WordPress ina ngazi tano za watumiaji kwa kawaida yake: Msimamizi, Mhariri, Mwandishi, Mchangiaji na Mfuatiliaji. Ukizitazama haraka utadhani Mwandishi ndiye anayemfaa mteja. Nami nilidhani hivyo. Lakini Mwandishi anaruhusiwa kuandika makala zake tu. Kurasa zenyewe, yaani ule wa vyumba, wa bei, wa namna ya kufika, hawezi kuzigusa, na biashara ndogo karibu kila kitu chake kiko kwenye kurasa. Mchangiaji ndiyo kabisa, hata picha hawezi kupakia. Anabaki Mhariri, na Mhariri naye amepewa mno: anaweza kufuta ukurasa wowote, awe ameuandika yeye au hakuuandika. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa na kumrudisha mteja kwenye ujumbe wa usiku.

Dawa ipo. Kuna programu-jalizi za kurekebisha ngazi hizo (mimi natumia User Role Editor), unaichukua ngazi ya Mhariri na kuondoa ruhusa za kufuta, moja moja. Ondoa za kurasa, ondoa na za makala, maana picha nazo zinafuata ruhusa za makala. Hili la picha nalisema kwa mkazo. Ukurasa uliofutwa unakaa kwenye pipa siku 30 na unaurudisha. Picha haina pipa, isipokuwa uliwashe mwenyewe kwenye faili la mipangilio. Ikifutwa imekwenda. Sasa fikiria mtu anasafisha simu yake na ana mazoea ya kufuta picha zinazofanana.

Baada ya ruhusa yakaja makufuli. Tangu toleo la 5.0 la Disemba 2018, ukurasa wa WordPress unajengwa kwa vipande vinavyoitwa bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, kitufe ni bloku. Mteja akigusa pasipo, kipande kinahama au kinatoweka. Toleo la 6.0, Mei 2022, lilileta kufuli kwa kila bloku, ya kuzuia isihamishwe wala isiondolewe. La 6.1 likaongeza namna ya kulifunga kundi zima ili mtumiaji abadilishe maneno na picha tu, mengine yote yamkatae. Hii ya pili ndiyo iliyobadilisha kazi yangu. Mpangilio nilioukalia wiki nzima unabaki ulivyo, na maneno yanakuwa yake. Kuna jambo moja tu: kwa kawaida mtumiaji mwenyewe anaweza kulifungua kufuli, kwa hiyo ongeza mistari michache ya msimbo (code) kwenye muundo wa tovuti (theme) ili ufunguo ubaki kwa Msimamizi peke yake. Usipofanya hivyo umefunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Jedwali la bei lilikuwa linatokea mahali patatu: ukurasa wa mwanzo, wa vyumba na wa mawasiliano. Nililifanya kiolezo kimoja kilichounganishwa, kwamba ukibadilisha mara moja panabadilika pote. Zamani mimi mwenyewe, fundi, nilikuwa nasahau pale pa tatu, na mgeni anakuja na bei mbili mkononi anauliza ipi ya kweli.

Siku ya kumfundisha nilipanda daladala asubuhi. Tulikaa barazani, yeye, mjukuu wake wa skuli ya sekondari, na simu ya kawaida ya Android. Nilimchukulia karatasi moja niliyoipiga lamineti, hatua tano, kwa Kiswahili, na vitufe nimevieleza kwa mahali na rangi: “kitufe cha buluu, pembe ya juu kulia.” Tukaanza na chumba cha juu. Bi Mkubwa akagusa bei, akaandika 45, na kwa kuwa 50 ya zamani hakuifuta, ikatoka dola 4550. Akavaa miwani, akaisoma tarakimu kwa tarakimu. “Kwa bei hii, mwanangu, napangisha mara moja kwa mwaka.” Mjukuu alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilifurahi limetokea mbele yangu, maana nilipata nafasi ya kumwonyesha historia ya mabadiliko. Kila ukihifadhi, WordPress inaweka nakala ya ilivyokuwa, na unaweza kuburuta kitelezi nyuma mpaka kwenye siku uitakayo. Tukairudisha 50. Kisha nikamwambia aharibu tena kwa makusudi, airudishe yeye. Akafanya mara tatu. Hapo ndipo woga ulipomtoka, na nimeona kwa kila mteja tangu siku ile kwamba somo la kurudisha linafaa litangulie somo la kubadilisha.

Kwenye simu si raha kamili, nisiwadanganye. Vitufe vya kuhariri vinajipanga juu ya skrini, kibodi inachukua nusu ya chini, na katikati inabaki nafasi ya mistari michache tu. Kwa mtu wa miaka sitini na kitu ni kazi. Bei na aya fupi anaziweza. Jedwali refu anasubiri mjukuu arudi kutoka skuli.

Lingine lililomchanganya mwanzoni ni kuhifadhi halafu akifungua tovuti anaona ya zamani. Simu ilikuwa inamwonyesha nakala iliyojiwekea. Nilimuongezea hatua ya sita kwa kalamu ya wino kwenye ile karatasi: vuta ukurasa chini kwa kidole, uachie, ujipakie upya.

Picha ndizo zilizonitoa jasho zaidi. Zamani alikuwa ananitumia kwa WhatsApp, nazo zinafika zimebanwa, bahari imekuwa ukungu. Sasa anapakia mwenyewe kutoka kwenye simu na zinapendeza, lakini kila moja ni megabaiti nne, tano. WordPress inajitahidi: tangu toleo la 5.3 picha yenye upande unaozidi pikseli 2560 inapunguzwa mpaka hapo, na nakala ndogo ndogo zinatengenezwa kwa ajili ya skrini mbalimbali. Ila ile asili haiondolewi. Inabaki kwenye seva inakula nafasi uliyolipia. Miezi minane baada ya makabidhiano nafasi yake ilikuwa karibu kujaa, na mtoa huduma akaanza kutuma onyo. Nikaweka programu-jalizi inayoibana picha inapopakiwa na kuitupa ile kubwa. Ningeiweka siku ya kwanza.

Oktoba 2024 ndiyo iliyonithibitishia. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ule, kila mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi alitakiwa awe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Wageni waliokwisha kulipia vyumba walikuwa wanauliza: nina bima ya kwetu, haitoshi? Nanunua wapi? Nikifika uwanjani bila hiyo itakuwaje? Mimi nilikuwa msibani Dar es Salaam, simu sikuishika siku mbili. Niliporudi nikafungua tovuti kwa hofu ya kukuta haina kitu, na nikakuta kwenye ukurasa wa “Kabla hujaja” kuna sehemu mpya. Sentensi fupi fupi, kwa Kiingereza kile kile anachozungumza na wageni jikoni: bima ya kwenu peke yake haitoshi, nunua hii kabla ya safari, ni dola 44, weka nakala kwenye simu kwa sababu uwanjani mtandao unaweza kusumbua, na ukikwama nipigie. Saa ya kuhifadhiwa ilikuwa tano na robo usiku. Zamani saa ile angekuwa ananiandikia mimi, na mimi singejibu.

Nilikaa nikaisoma mara mbili. Ningeandika mimi, ningeweka kichwa kikubwa na maneno ya kiofisi, na lile la kuweka nakala kwenye simu nisingelikumbuka, kwa kuwa si mimi ninayewapokea watu wanaotoka uwanjani wamechoka.

Kisha kuna sehemu ya bahari. Kwenye ukurasa wa mwanzo nilikuwa nimeandika maneno kama ya kila mtu: mchanga mweupe, maji ya buluu. Jambiani maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea muda mrefu kabla hujaufikia ukingo wa maji, na mgeni aliyeahidiwa kuogelea asubuhi anatoka chumbani anakuta pametandaa mchanga na mashamba ya mwani. Malalamiko ya aina hiyo yalikuwa yakirudi kila msimu. Bi Mkubwa akayafuta maneno yangu. Akaeleza kupwa na kujaa, kwamba saa zinasogea kila siku, kwamba wakati wa bamvua maji yanakwenda mbali zaidi na kurudi juu zaidi, na kwamba maji yakitoka ndipo kinamama wanapoingia kwenye mwani na mgeni anakaribishwa kufuatana nao akivaa viatu. Alimaliza kwa kusema muulize asubuhi, atakwambia saa za kuogelea. Hiyo ni sehemu ambayo wageni wanaitaja wakifika. Ilikuwa kichwani mwake miaka yote niliyokuwa namwandikia mimi.

Kuhusu pesa, maana wenzangu huniuliza kama sijajinyima riziki: kila badiliko nilikuwa nalipwa shilingi 5,000, na mara nyingi naona haya kudai. Sasa nalipwa mara moja kwa mwaka kwa yale ambayo mteja hapaswi kuyagusa: masasisho ya WordPress na programu-jalizi zake, nakala rudufu ya kila usiku inayokaa mbali na seva, na kumlipia jina la tovuti kabla halijaisha muda. Kipato kimekuwa kizuri zaidi na usiku ni wangu. Wateja tisa sasa wako kwenye utaratibu huu. Wawili niliwarudisha kwenye ule wa zamani kwa ombi lao. Mmoja aliniambia wazi, “Mimi nakaanga samaki, wewe andika,” na nikamwelewa.

Jambo la mwisho la kiufundi: kila mtu awe na akaunti yake. Mjukuu ana yake, kijana wa mapokezi ana yake. Yule kijana alipopata kazi hoteli nyingine niliifunga ya kwake peke yake, na neno la siri la Bi Mkubwa halikubadilishwa wala hakuna aliyelijua.

Juzi baada ya Isha simu ililia, na jina lilikuwa lake. Nikadhani kuna kilichoharibika. “Shikamoo Bi Mkubwa.” “Marahaba mwanangu. Nataka ukurasa wa sabuni za mwani. Uutengeneze mtupu tu, maneno ninayo.”